Robota Halifunguliwi Tena: Bastola za Jeshi na Bei Zake

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nashukuru mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi na mimi hapa Columbus, Marekani. Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza kama nimekuja kuuza bunduki. Siuzi, mwanangu. Kazi yangu ni kutunza vitu vya kale katika makumbusho ndogo, na kwa miaka kadhaa sasa vingi vya vitu vinavyowekwa juu ya meza yangu ni bastola kuukuu za kijeshi. Mwenye nayo huifungua kutoka kwenye soksi au taulo, halafu huuliza swali lile lile: "Hii inaenda shilingi ngapi?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi kwa ufupi. Leo nimepewa saa nzima, nitalijibu kwa urefu.

Tazameni picha hii ya kwanza. Hii ni Nagant, rivolva ya jeshi la Urusi tangu mwaka 1895, iliyobuniwa na Mbelgiji wa mji wa Liège. Inabeba risasi saba. Ukivuta nyundo, silinda inazunguka na papo hapo inasogea mbele, ikaukumbatia mtutu ili moshi usivuje. Ubunifu wa ajabu kwa wakati wake. Sasa tuisogelee. Ubavuni kuna pembetatu ndogo yenye mshale ndani: hiyo ni alama ya kiwanda cha Izhevsk. Hapo hapo umeandikwa mwaka 1944. Kando kidogo kuna mraba uliokatwa kwa mstari wa mshazari, maana yake baada ya vita bastola hii ilirudishwa karakana, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikasafishwa, ikatiwa weusi upya, ikalazwa ghalani. Ikalala hapo karibu miaka hamsini. Halafu kwenye mtutu, kwa herufi ndogo zilizochongwa juujuu, kuna jina la mwagizaji wa Kimarekani na mji wake. Herufi hizo sheria inazidai kwa kila silaha inayoingia nchini, na wakusanyaji wanazichukia, wanasema ni sawa na kumchanja mtu mzima usoni. Mimi sizichukii. Zinaniambia imepita wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bastola hii ilikuwa haifiki dola 100. Na ndani ya boksi ulikuta mfuko wake wa ngozi, kijiti cha kusafishia na bisibisi yake. Watu walinunua mbili mbili. Leo ukiipata kwa dola 300 na kitu, jihesabu umebahatika.

Kwa nini? Sisi tuliokulia Kariakoo na Gikomba tuna bahati, kwa sababu jibu tunalijua kabla ya kuambiwa. Ni mtumba. Robota linafunguliwa alfajiri. Waliowahi wanachukua zile nguo safi kabisa, zile ambazo Gikomba wanaziita kamera. Jua likipanda, zimebaki za wastani. Jioni unapanga chini vilivyochanika, na bado mtu anakuja kuuliza kama asubuhi kulikuwa na koti la ngozi. Tofauti ni moja tu, na ni kubwa: nguo za mtumba zinakuja tena wiki ijayo, kwa sababu watu wa Ulaya na Marekani hawajaacha kununua na kuvua. Bastola ya mwaka 1944 ilitengenezwa mwaka 1944. Hakuna kontena jingine baharini.

Robota la kwanza kubwa hapa Marekani lilifunguliwa baada ya Vita vya Pili. Ulaya ilikuwa imejaa silaha zisizo na wa kuzishika, serikali zilitaka fedha, na wafanyabiashara wa Marekani walikwenda kununua kwa shehena. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ungeweza kukata kuponi kwenye jarida, ukaweka fedha ndani ya bahasha, na kampuni ya usafirishaji ikakuletea bastola. Hakuna aliyekuuliza wewe ni nani.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu huko ndiko sheria nitakazozitaja zilikozaliwa. Januari 1963, Lee Harvey Oswald wa Dallas alijaza kuponi kwa jina la uongo, A. J. Hidell, akaagiza rivolva ya Smith & Wesson kutoka duka moja la Los Angeles. Bei dola 29.95. Rivolva ile ilikuwa mtumba halisi wa vita: ilitengenezwa Marekani, ikapelekwa Uingereza wakati wa kupigana na Hitler, vita vikaisha ikarudishwa na kuuzwa kwa jumla. Wafanyabiashara wakaufupisha mtutu na kurekebisha vyumba vya risasi ili vikubali zile zinazouzwa kila duka la Marekani. Novemba 22 mwaka ule ule Oswald alimuua nayo askari polisi J. D. Tippit, muda mfupi baada ya Rais Kennedy kupigwa kwa bunduki, nayo mtumba, ya Kitaliano, nayo ya kuagiza kwa posta. Mambo hayo yamo kwenye kumbukumbu za uchunguzi za serikali, kuponi yenyewe ikiwemo.

Miaka mitano ikapita kwa ubishi. Mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy, na Oktoba ya mwaka huo Rais Johnson akatia saini sheria mpya ya silaha. Kuagiza kwa posta kukafungwa kwa raia wa kawaida. Na kifungu kimoja kikafunga mlango wa bandari: silaha za mtumba za majeshi ya nje zisiingie. Kwa miaka kumi na sita haziingii. Mwaka 1984 seneta Bob Dole akapitisha marekebisho, mlango ukafunguka nusu kwa silaha zinazotambuliwa kuwa za kale au za kukusanywa, na njia ya kawaida ya kutambuliwa ni kutimiza miaka hamsini.

Lakini bastola iliwekewa kizuizi cha ziada. Haitoshi iwe ya kale, lazima pia ionekane inafaa kwa michezo ya shabaha, na serikali ina fomu ya kuipa alama: urefu kadhaa alama kadhaa, uzito, vifaa vya usalama, vilengeo vinavyorekebishika. Isipofikisha alama, haiingii. Kibastola kile cha Kijerumani, Walther PPK, kilifeli mtihani huo baada ya 1968 kwa ufupi wake, na kiwanda kikalazimika kukipachika kwenye mwili mrefu zaidi ili kipite. Tokarev ya Kirusi ilizaliwa bila komeo la usalama. Kwa hiyo karibu kila Tokarev utakayoiona hapa imetobolewa tundu ubavuni na kupachikwa kikomeo kidogo ambacho hakuna askari wa Kirusi aliyekijua. Nimewahi kuishika moja, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, nzuri kweli, chuma kimenyooka kama kioo, na lile komeo limekaa pale kama kifungo cha shati la mtu mwingine. Nilisikitika. Na nilielewa pia kwamba bila tundu lile isingefika mbele yangu.

Robota la pili, na kubwa, lilifunguliwa na siasa. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, Ujerumani mbili zikawa moja 1990, na jeshi la Ujerumani Mashariki likakoma kuwapo, likiacha maghala yaliyojaa. Mkataba wa Warsaw ukavunjika 1991. Poland, Czech na Hungary zikaingia NATO 1999, Bulgaria na Romania 2004, na kuingia huko kulimaanisha kubadili risasi ziwe za saizi ya washirika wapya. Makarov na jamaa zake wa risasi fupi ya Kisovieti, ya milimita 9 kwa 18, wakawa mizigo. P-64 za Poland, CZ 82 za Czech, Makarov za Bulgaria, zilishuka bandarini Marekani kwa maelfu. Kwa wakusanyaji, miaka ile ilikuwa alfajiri ya Gikomba. Wengi wao hawakujua kwamba ni alfajiri. Walidhani ndiyo hali ya kawaida ya dunia.

Sasa kwa nini hazishuki tena? Kwanza, zimekwisha. Ghala likiuzwa limeuzwa. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, serikali nyingi ziliamua kwamba silaha iliyozidi haiuzwi, inayeyushwa. Mwaka 2000 nchi za ushirikiano wa usalama wa Ulaya zilikubaliana kwa maandishi kwamba njia bora ya kuondoa silaha ndogo za ziada ni kuziharibu, na mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ukapitisha mpango wake wa silaha ndogo wenye mwelekeo huo huo. Mtu wa fedha anaona hasara. Lakini nchi iliyouza bastola elfu kumi kwa wakala, kisha ikaziona kwenye vita vya jirani, inajua hasara yake ni ipi. Tatu, Urusi. Tangu makubaliano ya 1996 ni aina chache tu za silaha zake zilizoruhusiwa kuingia Marekani, na Septemba 2021 vikwazo vipya vikazuia vibali vipya vya silaha na risasi kutoka huko. Risasi ndiyo iliyowauma watu wengi. Mtu aliyenunua Makarov kwa sababu risasi zake zilikuwa za bei ya karanga, leo anazihesabu moja moja. Kisha vita vya Ukraine vikaja 2022, na kila ghala la Ulaya Mashariki ambalo bado lilikuwa na kitu likaanza kuangaliwa kwa macho mengine.

Na majeshi ya leo? Bastola yanazozinunua sasa nyingi ni za nusu plastiki, mara nyingi hazina mwaka uliochongwa wala muhuri wa mkaguzi, na siku ya kustaafishwa huenda nyingi zikaishia tanuruni. Mkusanyaji wa mwaka 2060 atakuwa na kazi.

Niwape mfano wa Wamarekani wenyewe, na bastola yao wanayoipenda kuliko zote, M1911. John Browning aliibuni, jeshi likaipokea Machi 1911, na ikakaa kiunoni mwa askari wao hadi 1985. Wakati wa Vita vya Pili kiwanda cha Colt peke yake hakikumudu, serikali ikagawa kazi. Remington Rand, kampuni ya taipureta, ilitengeneza zaidi ya 800,000. Union Switch & Signal, waliokuwa wakitengeneza ishara za reli, nao wakaingia. Na mapema kabisa, kandarasi ndogo ya bastola 500 tu walipewa Singer.

Naam, Singer. Ile ile. Najua kila mtu humu ndani amemwona mama au bibi ameinama juu ya cherehani ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, mguu unakanyaga pedali. Fundi wa barazani Unguja, fundi wa Mombasa, fundi wa Bukavu, wote Singer. Walitengeneza bastola zile 500 New Jersey, wakazikabidhi mwaka 1941, na jeshi likaona mikono yenye usahihi wa namna ile itumike kwenye vifaa vya kulengea mizinga. Wasitengeneze tena bastola. Zikagawiwa askari kama nyingine zote, zikaenda vitani, zikapotea, zikarekebishwa, vipande vikabadilishwa. Leo Singer iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani inauzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Bastola ile ile, ya mbuni yule yule, inayofyatua risasi ile ile kama ya kampuni ya taipureta. Mnunuzi analipia jina ubavuni, na uhakika kwamba jina hilo halikughushiwa. Hasa huo uhakika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwauzia wanachama wa chama cha taifa cha bunduki, NRA, M1911 kwa chini ya dola 20. Baada ya hapo zilizobaki zikakaa maghalani miongo mitano. Bunge likaruhusu tena, na mwaka 2018 shirika la CMP, linalowauzia raia silaha kuukuu za jeshi, lenye makao Anniston, Alabama, likaanza kuziuza. Utaratibu wake ulikuwa wa kupanga foleni kwa bahati: unatuma maombi kwa barua, unachunguzwa rekodi, unapewa nambari kwa kura, nambari yako ikifika unapigiwa simu. Bastola moja kwa mtu kwa mwaka. Bei dola 1,050 kwa zilizo bora, 950 za kati, 850 zilizochakaa. Zilikuwepo takriban 8,000 kwa awamu ile, barua zikafika takriban 19,000. Awamu zilizofuata bei zikapandishwa. Hesabu hiyo inatosha kuwaonyesha tulipo: mali imetoka kwa serikali yenyewe, na bado wanaotaka ni zaidi ya mara mbili ya zilizopo.

Bei ikifika hapo, jambo jingine linaanza, na ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja, mtu mzima, na P38 ya Kijerumani ya baba yake. Haina jina la mwagizaji, kwa hiyo huenda ilikuja na askari mwenyewe, mfukoni au begani. Nikamwuliza kama kuna karatasi. Jeshi la Marekani liliwapa askari hati ndogo iliyotiwa saini na afisa, ya kuwaruhusu kurudi na vitu walivyoteka. Akasema ilikuwepo. Kaka yake aliiuza peke yake, kwenye mtandao, mwezi mmoja kabla. Nikamwomba anikumbushe iliandikwa nini. Jina la baba, kikosi chake, tarehe, na maneno "bastola moja ya Kijerumani". Nambari ya bastola haikutajwa.

Mnaelewa maana yake? Mnunuzi wa karatasi ile anaweza kuiweka kando ya P38 yoyote isiyo na jina la mwagizaji, na bastola hiyo ikapanda bei siku hiyo hiyo, ikabeba historia ya mzee ambaye hakuigusa kamwe. Na bastola ya mzee mwenyewe, ile iliyolala juu ya meza yangu kwenye taulo la bluu, imebaki bubu. Yule mama hakulia. Aliikunja taulo polepole, akaniuliza kama mimi, kwa kuwa nimeisikia sasa, naweza kuiandika. Nikaiandika: maelezo yake, nambari, picha, na jina la mzee kwa ridhaa ya binti. Faili lipo.

Hayo ndiyo ninayoyaona kila wiki. Mfuko wa ngozi unauzwa kivyake, magazini kivyake, karatasi kivyake, kwa sababu vikitenganishwa vinaleta zaidi. Mihuri ya wakaguzi inachongwa upya. Alama ya mwagizaji inasuguliwa hadi chuma kinabonyea, ili ionekane ililetwa na askari. Nagant zilipokuwa dola 80 hakuna aliyejisumbua kuzighushi. Uhaba umeleta bei, bei imeleta uongo, na uongo unafuta kile kitu pekee ambacho mimi naona kina thamani: ushahidi wa mkono gani ulikibeba chuma hiki, wapi, lini.

Mtu ataniuliza, basi unataka silaha zisiharibiwe? Hapana, na kwetu Afrika Mashariki hasa sitaki kusikika vibaya. Novemba 2016 pale Ngong, Kenya ilichoma moto silaha 5,250. Nilitazama zile picha za moshi, na nilifurahi. Watu wa Turkana, wa Karamoja, wa Kivu, hawahitaji mhadhara wangu kujua bastola na bunduki zimewafanyia nini. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu ziharibu silaha zilizozidi, na inazitaka pia zitie alama na kuweka kumbukumbu. Mimi naomba sehemu ya pili ipewe uzito kama ya kwanza. Kabla ya kuwasha moto, mtu mmoja akae na daftari: nambari, kiwanda, mwaka, ilikamatwa wapi. Nambari hizo ndizo zinazoonyesha silaha iliuzwa na nani, ikapita nchi gani, ikamfikiaje mvulana wa miaka kumi na minne. Chuma kikiyeyuka bila kuandikwa, aliyekiuza analala usingizi mzuri. Na katika kila elfu moja, itolewe moja, izibwe isifyatue tena, ipelekwe makumbusho ya taifa.

Jambo langu la mwisho ni la nyumbani kwenu. Humu ndani najua wapo wajukuu wa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wale waliopelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Babu zenu hawakurudi na bastola. Rivolva zilikuwa za maafisa. Walirudi na karatasi: kitabu cha malipo, hati ya kuachiwa jeshi, pengine picha moja iliyopigwa Nairobi. Nyingi ziko chini ya godoro, au kwenye bati la biskuti. Nimeweka meza pale karibu na mlango, nina taa na kamera. Walio nazo hapa wazilete, napiga picha na kuzirudisha mkononi papo hapo. Walioziacha nyumbani, mpigieni simu shangazi usiku huu, kule kukicha, akalifungue hilo bati.

Sasa naomba maswali. Nianze na mzee pale nyuma.